Kifuu Kinapogeuka Sufuria: Jinsi Watoto Wadogo Wanavyojifunza Kuyajua Mawazo ya Wenzao

Naomba dakika zenu chache nizungumze juu ya jambo ambalo sote tumelipitia lakini hakuna hata mmoja wetu anayelikumbuka vizuri.

Wahenga walinena kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii tumeiandika katika insha zetu tangu shule ya msingi. Lakini je, umewahi kujiuliza mtu huijua lini? Sisemi kuikariri. Nasema kuijua kwelikweli: kwamba yaliyomo kichwani mwangu si lazima yawe ndiyo yaliyomo kichwani mwako, kwamba mimi naweza kujua jambo na wewe usilijue, kwamba wewe waweza kuamini kitu ambacho si kweli, ukakiamini kwa dhati. Mtoto wa miaka mitatu bado anahangaika na jambo hili. Mtoto wa miaka mitano, kwa kawaida, amekwisha kulishika. Baina ya umri huo na huu kuna kazi kubwa inayofanyika, na sehemu yake kubwa hufanyika katika mchezo.

Pita jioni katika ua wowote, iwe ni Ukunda, Mwabungo, Gazi au Msambweni. Utawaona watoto wamekaa chini ya mwembe wakipika. Sufuria ni kifuu cha nazi, mchele ni mchanga, mchicha ni majani yoyote yaliyokaribu, na mwiko ni kijiti. Mmoja ni mama, mwingine ni baba aliyerudi kutoka baharini na samaki, na samaki wenyewe ni vipande vya kumbi. Midomo ya mama imepakwa mbegu za biksa ikawa myekundu kama ya bibi harusi. Upande wa pili kuna gogo la mnazi ambalo ni matatu ya Likoni. Dereva anavuma kwa mdomo, utingo anapiga kelele "Likoni, Likoni, wawili!" na nauli inalipwa kwa majani ya mkorosho. Abiria asiye na jani anateremshwa njiani.

Wakubwa wakiulizwa watoto wanafanya nini, hujibu, "Ah, wanacheza tu." Makala haya yanahusu hilo neno "tu".

MCHEZO WA KUJIFANYA NI NINI?

Kucheza kuko kwa namna nyingi. Kukimbizana ni mchezo, mpira wa makaratasi ni mchezo, kombolela ni mchezo. Lakini mchezo wa kujifanya una tabia yake ya pekee: kitu kimoja kinachukuliwa kuwa ni kingine, au kitu kisichokuwepo kinachukuliwa kuwa kipo.

Wataalamu waliochunguza watoto wanasema mchezo huu huanza mtoto anapokaribia mwaka mmoja na nusu. Mwanzo wake ni mdogo sana. Mtoto anainua kikombe kitupu, anajifanya anakunywa, kisha anakutazama na kucheka. Akifika miaka miwili anaweza kuchukua kijiti akakifanya mtu, au kifuu akakifanya sufuria. Kuanzia miaka mitatu hivi anagawana kazi na wenzake: wewe daktari, mimi mgonjwa.

Mwanasaikolojia wa Uswisi aliyeitwa Jean Piaget, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1980, aliwatazama watoto wake mwenyewe wakicheza na kuandika kila alichokiona. Mrusi mmoja aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1896, Lev Vygotsky, alitoa mfano wa kijiti kinachogeuzwa farasi. Yeye alisema hapo ndipo mtoto anapoanza kuitenga maana ya kitu na kitu chenyewe. Macho yanaona kijiti, akili inafuata farasi.

Wala jambo hili si la Wazungu peke yao. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, alieleza jinsi watoto wa Kikuyu walivyoyaiga maisha ya wakubwa katika michezo yao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1940, Otto Raum alichapisha kitabu kizima juu ya utoto wa Wachaga wa Kilimanjaro, na humo mna habari nyingi za watoto kuwaigiza wazazi wao. Basi watoto wa chini ya mwembe wana jamaa nyingi.

KWA NINI MTOTO HACHANGANYIKIWI?

Hebu fikiri kidogo. Mtoto wa miaka miwili bado anajifunza dunia. Anaambiwa hiki ni kifuu, hii ni ndizi, ile ni simu. Sasa anamwona mama yake anaiweka ndizi sikioni na kusema, "Haloo!" Je, kwa nini mtoto haanzi kuamini kwamba ndizi ni simu? Kwa nini keshoye halili simu?

Swali hili liliulizwa na Alan Leslie, mwanasaikolojia aliyekuwa akifanya kazi London, katika makala yake ya mwaka 1987. Jibu lake lilikuwa hivi: akili ya mtoto inayaweka mawazo mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la ukweli: hii ni ndizi. Fungu la pili limezungushiwa ua: "mama anajifanya kwamba hii ni simu." Yaliyomo ndani ya ua hayatoki nje kuuharibu ukweli.

Sisi watu wa Pwani tunaujua ua huo tangu zamani. Nyanya akisema "Paukwa!" na sisi tukaitika "Pakawa!", tumekwisha kuingia uani. Humo ndani sungura anasema, fisi anaoa, na hakuna anayebisha. Hadithi ikiisha tunatoka, na kesho hatumwamkii sungura shikamoo.

Leslie alitumia jaribio rahisi la vikombe viwili. Mtafiti na mtoto wanajifanya wanakunywa chai. Mtafiti anajifanya anamimina katika vikombe vyote viwili. Kisha anakipindua kimoja, anakitikisa, anakirudisha mahali pake. Halafu anamuuliza mtoto, "Kipi kitupu?" Kwa kweli vyote viwili ni vitupu! Lakini mtoto wa miaka miwili na kitu anaonyesha kile kilichopinduliwa. Maana yake ni kwamba anaifuata hesabu ya mchezo bila ya kusahau kwamba ni mchezo.

Mimi nililijaribu jambo hili nyumbani kwa birika tupu na vikombe viwili vya kahawa. Sidai kwamba ni utafiti, ni kujifurahisha tu. Mdogo wangu ana miaka miwili na miezi minane. Nilipokipindua kikombe kimoja juu ya mkeka, hata kabla sijauliza, alichukua leso ya mama akaanza kupangusa mkeka, na huku akinigombeza, "Umemwaga!" Mkeka ulikuwa mkavu kabisa. Lakini pale alipopangusa ndipo hasa chai "ilipomwagika", wala si mahali pengine. Nilipomuuliza kama anataka chai ya kweli alisema ndiyo, tena na hamri.

CHOKOLETI YA MAXI NA KASHATA YA NYANYA

Sasa tuje kwenye jambo la pili, nalo ni kuyajua mawazo ya mwenzio. Hili lilichunguzwa sana baada ya mwaka 1978, pale David Premack na Guy Woodruff wa Marekani walipouliza kama sokwe anaweza kutambua kwamba mwenzake ana nia na mawazo. Wenzao wakaona: kabla ya kuwauliza sokwe, tuwaulize watoto wetu wenyewe kwanza.

Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner, waliokuwa Salzburg nchini Austria, walitunga hadithi ya mtoto aitwaye Maxi. Maxi anaweka chokoleti yake katika kabati la buluu, kisha anatoka kwenda kucheza. Akiwa nje, mama yake anaitumia kidogo kwa keki na kuirudisha katika kabati la kijani. Maxi anarudi, ana njaa ya chokoleti. Je, ataitafuta katika kabati lipi?

Mimi na wewe tunajibu bila kufikiri: kabati la buluu, kwa sababu ndiko alikoiacha. Lakini katika kundi la watoto wa miaka mitatu hadi minne, hakuna hata mmoja aliyejibu sawasawa. Waliokuwa baina ya miaka minne na sita, zaidi kidogo ya nusu walipata, yaani asilimia 57. Wale wa miaka sita hadi tisa walipata asilimia 86. Baadaye watafiti waliirahisisha hadithi, na ikaonekana kwamba watoto wengi huanza kupata wakiwa na miaka minne au mitano.

Angalia vizuri kosa la watoto wadogo. Wao wanajua chokoleti iko wapi. Wanajua Maxi hakuwepo. Lakini wanasema ataitafuta katika kabati la kijani, kwa kuwa ndiko iliko. Kwao, kinachojulikana na mimi kinajulikana na kila mtu.

Nilijaribu na hili pia. Nyanya aliweka kashata katika kikapu akaenda kutia udhu. Mimi nikaitoa nikaiweka ndani ya sufuria, na mtoto wa shangazi, mwenye miaka mitatu, ananiona.

"Nyanya akirudi ataitafuta wapi kashata yake?" nikamuuliza.

"Sufuriani!"

"Lakini nyanya ameniona nikiitoa?"

"Hajakuona."

"Sasa ataitafuta wapi?"

"Sufuriani," akasema, kwa sauti ya mtu anayeona anaulizwa maswali ya kipuuzi.

Mtoto wa jirani, ambaye ana miaka mitano na anasoma chekechea, alianza kucheka hata kabla sijamaliza swali. "Atatafuta kapuni," akasema, "halafu atashangaa!" Kicheko kile ndicho ushahidi. Huwezi kucheka mapema namna hiyo kama hujaingia kichwani mwa nyanya ukaona kwamba humo ndani kashata bado iko kapuni.

JE, NI WATOTO WA ULAYA TU?

Baadhi yenu mtasema: hayo ni mambo ya Wazungu na makabati yao. Swali hilo ni zuri, na lilikwisha kuulizwa. Mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa Wabaka, watu wa msituni nchini Kameruni. Hawakutumia chokoleti. Walitumia kokwa za embe zilizopikwa kibandani. Mpishi anaziweka katika bakuli na kulifunika, kisha anakwenda kuzungumza na wenzake. Mtoto anaombwa kuzihamishia katika chungu. Halafu anaulizwa: mpishi akirudi ataziangalia wapi? Na kabla hajafunua bakuli, moyo wake utakuwa mzuri au mbaya?

Watoto wakubwa wa kundi lile, wa miaka mitano hivi, wengi walijibu sawasawa: ataangalia katika bakuli, na moyo wake utakuwa mzuri mpaka atakapofunua. Mwaka 2005 Tara Callaghan na wenzake wakachapisha matokeo ya jaribio la namna hiyo kutoka nchi tano, yaani Kanada, India, Peru, Samoa na Thailand. Kotekote badiliko lilitokea baina ya miaka mitatu na mitano. Kwa hivyo mtoto wa Kinango na mtoto wa Kanada wanapita njia moja, ingawa mmoja anatembea kwa viatu na mwingine kwa miguu mitupu.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka huohuo wa 2005 Kristine Onishi na Renée Baillargeon walionyesha kwamba hata mtoto wa miezi 15, ambaye hawezi kujibu swali lolote, hukodoa macho kwa muda mrefu zaidi akimwona mtu anatafuta kitu mahali ambapo mtu huyo hangeweza kujua kwamba kipo. Wapo wanaosema hiyo ni dalili kwamba welewa huanza mapema sana ila unajificha. Wengine wamejaribu majaribio ya namna hiyo bila ya kupata matokeo yaleyale. Wataalamu bado wanavutana, nasi tuwaache wavutane.

MCHEZO NA MAWAZO VINAKUTANA WAPI?

Leslie alisema kipawa ni kimoja. Anayeelewa "mama anajifanya kwamba ndizi ni simu" ameanza kuelewa "mama anafikiri kwamba..." Maneno hayo mawili, kujifanya na kufikiri, yana ua uleule.

Lakini Angeline Lillard wa Marekani alitia shaka mwaka 1993. Aliwaonyesha watoto kidubwana kilichoitwa Moe kutoka nchi ya mbali, ambaye hajui chochote juu ya kangaruu, hajapata hata kumsikia. Lakini Moe anarukaruka kama kangaruu. Je, anajifanya kangaruu? Sisi tutasema la, atajifanyaje kitu asichokijua? Watoto wengi wa miaka minne walisema ndiyo, anajifanya. Maana yake ni kwamba mtoto mdogo anaweza kuona kujifanya kuwa ni jambo la mwili, yaani kurukaruka, kabla hajaona kwamba ni jambo la akili.

Mimi naona pande zote mbili zina kitu. Mtoto huanza kwa kutenda, na katika kutenda analazimika kushughulika na vichwa vya wenzake. Ukiwa utingo wa gogo la mnazi, lazima mkubaliane kwamba jani ni nauli. Mmoja akisema "hilo ni jani tu", matatu inakufa. Watoto hugombana sana katika mchezo huu, na ugomvi wenyewe ni juu ya mawazo: "Wewe ulisema mimi ndiye mama!" "Sikusema hivyo, nilisema kesho!" Hilo ni somo ambalo halina kitabu.

Hata wanyama wana kitu kidogo. Katika msitu wa Kibale nchini Uganda, Sonya Kahlenberg na Richard Wrangham walikusanya habari za miaka 14 na kuzichapisha mwaka 2010. Waliona sokwe wadogo, hasa wa kike, wakibeba vijiti na kuvipeleka hata mahali pa kulala, kama msichana anayebeba mwanasesere. Kama sokwe yule "anajua" kwamba anajifanya, hapo ndipo penye swali.

NENO "KUMBE"

Kiswahili chetu kina neno moja ambalo nadhani lingewafurahisha wataalamu hao. Neno lenyewe ni *kumbe*. "Nilidhani ni samaki, kumbe ni jiwe." Katika sentensi hiyo fupi kuna kila kitu: kulikuwa na wazo, wazo halikuwa kweli, na sasa mwenye wazo ameligundua. Hali kadhalika ukisema "nilidhani", msikilizaji tayari anangoja kusikia kwamba mambo hayakuwa hivyo.

Fikirieni hadithi ya kima na papa. Kima amepanda mgongoni mwa papa, wako katikati ya bahari, na papa anataka moyo wake. Kima anasema, "Lo, kumbe hukuniambia mapema! Moyo wangu nimeuacha mtini." Papa anageuka. Ili ucheke lazima ujue mambo mawili kwa pamoja: moyo uko kifuani mwa kima, na papa anaamini uko mtini. Msimulie mtoto wa miaka mitatu, kisha muulize papa anadhani moyo uko wapi. Rudi umuulize tena baada ya miaka miwili. Hadithi ni ileile, ila aliyebadilika ni msikilizaji.

NI NINI KINACHOMSAIDIA MTOTO?

Jambo la kwanza ni ndugu. Mwaka 1994 Perner na wenzake waligundua kwamba watoto wenye ndugu nyumbani walielekea kuifahamu hadithi kama ile ya Maxi mapema zaidi kuliko wasio nao. Wenzake wengine hawakupata matokeo hayo kila mahali, lakini sababu iliyotolewa ni ya kueleweka: mwenye ndugu hudanganywa, hutaniwa, hufichwa kitu na kusuluhishwa kila siku. Sisi wa shule ya kutwa tukifika nyumbani jioni tunapewa mdogo wetu tumshike. Wengi tunanuna. Kumbe ndiye sisi shule yake.

Jambo la pili ni mazungumzo. Hapa mfano ulio wazi ni wa watoto viziwi. Mwaka 1995 Candida Peterson na Michael Siegal wa Australia walionyesha kwamba watoto viziwi waliozaliwa na wazazi wanaosikia, wakachelewa kupata lugha ya ishara, huchelewa sana kujibu maswali ya namna ya Maxi. Lakini watoto viziwi waliokulia katika nyumba ambazo watu huzungumza kwa ishara hawachelewi hivyo. Tatizo si sikio. Ni kukosa mtu wa kuzungumza naye juu ya "anadhani", "amesahau", "amekasirika kwa sababu hakujua". Huko Nikaragua, ambako lugha mpya ya ishara ilizaliwa shuleni mjini Managua tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Jennie Pyers na Ann Senghas walionyesha mwaka 2009 kwamba hata watu wazima viziwi walizidi kuyaelewa mawazo ya wenzao walipopata maneno ya kuyasemea. Katika kaunti yetu iko shule ya viziwi pale Kwale mjini. Mwenye mdogo wake kiziwi asingoje. Ajifunze ishara, naye azungumze naye.

Jambo la tatu ni nafasi ya kucheza. Mradi wa chekechea za madrasa ulioanza Mombasa mwaka 1986, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan na juhudi za Bi Swafiya Said, uliwafundisha walimu kutumia vitu vya hapahapa kwa mchezo na mafunzo. Hata hivyo wapo wazazi wengi wanaomtaka mtoto wa miaka minne aandike A mpaka Z na kuhesabu hadi mia, wakimkuta anacheza wanasema karo imepotea. Karo haijapotea, ndugu zangu.

UONGO WA MTOTO NA FIMBO

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Watoto wadogo wengi hupigwa kwa sababu ya "uongo". Mtoto wa miaka mitatu anasema alimwona simba kisimani. Anachapwa. Mtoto wa miaka minne amekula sukari, chembechembe ziko mdomoni, anasema hakula. Anachapwa zaidi.

La kwanza si uongo. Ni mchezo ambao haujafungwa mlango. La pili ni uongo kweli, lakini tazama umefanywa na nani: ni mtoto ambaye ndiyo kwanza amegundua kwamba mama anaweza asijue analolijua yeye. Hajafika mbali, ndiyo maana amesahau kupangusa mdomo! Sisemi uongo usifiwe. Mtoto afundishwe kusema kweli, tena mapema. Swali ni kama fimbo inafundisha hivyo.

Mwaka 2011 Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha utafiti walioufanya katika nchi moja ya Afrika Magharibi. Walilinganisha watoto wa miaka mitatu na minne wa shule mbili: moja ilikuwa ikichapa kwa makosa madogo, nyingine haikuchapa. Kila mtoto aliambiwa asichungulie kitu kilichowekwa nyuma yake, kisha akaachwa peke yake. Wengi walichungulia katika shule zote mbili. Lakini walipoulizwa, wale wa shule ya kuchapa walidanganya zaidi, na kuulinda uongo wao kwa ustadi zaidi. Fimbo haikuwafundisha ukweli. Iliwafundisha kazi ya kudanganya.

Nchini Kenya fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalikazia jambo hilo. Lakini mtoto wa miaka mitatu yuko nyumbani, na nyumbani ndimo tulimo sisi, kaka na dada zake.

MTOTO ASIYEJIFANYA

Kuna watoto ambao hawapiki mchanga. Anapewa kifuu, anakizungusha tu, saa nzima. Akiitwa jina hageuki. Hana habari na matatu ya Likoni. Baadhi ya watoto hawa wana hali iitwayo usonji.

Mwaka 1985 Simon Baron-Cohen, Leslie na Uta Frith walitumia hadithi ya vibaraka wawili, Sally na Anne, inayofanana na ile ya Maxi. Kati ya watoto 20 wenye usonji, 16 hawakujibu sawasawa. Lakini watoto wenye hali ya Down wengi walijibu vizuri, ingawa masomo yao yalikuwa mazito. Basi jambo lenyewe si wingi au uchache wa akili. Tena si watoto wote wenye usonji walioshindwa. Wanne walipata, na uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba wengi wanaweza kujifanya wakianzishiwa mchezo. Mwaka 2012 Damian Milton, msomi ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba tatizo lina pande mbili: na sisi wengine hatuwaelewi wao.

Hilo la mwisho lina ukweli hapa kwetu. Joseph Gona na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti kuhusu imani za wazazi na wataalamu wa Pwani ya Kenya juu ya usonji. Pamoja na sababu za kitabibu, watu wengi walitaja pepo, uchawi na laana. Mtoto anafungiwa ndani, mama anasemwa, pesa zinakwisha kwa waganga. Ilhali tangu mwaka 1984 Kenya ina vituo vya EARC ambavyo kazi yake ni kuwapima watoto wenye mahitaji maalum na kuwaelekeza wazazi. Yeyote anayemjua mtoto wa namna hii na amwambie mzazi wake kwa upole, tena faraghani.

MWISHO

Wanachama wenzangu, kuyajua mawazo ya mwenzio ndiko mwanzo wa kumhurumia, kumfundisha, kumtania na hata kumwomba radhi. Mtu hawezi kusema "pole" ya kweli kama hajui kwamba kuna moyo mwingine. Kazi hiyo huanza kwa kikombe kitupu na kifuu cha mchanga. Kwa hivyo mkialikwa wali wa mchanga, kaeni mle, msifu upishi, muulize umetiwa chumvi au la. Mtoto akisema uongo, mrudisheni kwenye kweli kwa maneno. Mkiwasimulia hadithi, waulizeni: "Sasa fisi anadhani nini?" Na mkubwa yeyote akipita akasema watoto wanacheza tu, mwambieni kwa heshima na taadhima kwamba hilo neno "tu" tumeliondoa.